Ukaguzi wa maduka ya dawa usiishie kwenye vyeti vya ukutani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ukaguzi wa maduka ya dawa ya mitaani, ambayo kwa wengi wetu ndiyo tunayoyakimbilia kwanza mtoto anaposhikwa na homa usiku.

Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 imelipa Baraza la Famasi jukumu la kusajili na kukagua maduka haya pamoja na watoa dawa, huku TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ikisimamia ubora wa dawa zenyewe. Utaratibu basi upo. Kinachonisikitisha ni kwamba ukaguzi tunaouona sisi wateja huishia kwenye karatasi: leseni, risiti ya ada, na cheti cha mfamasia msimamizi kilichotundikwa ukutani, ilhali mwenye cheti haonekani. Katika duka moja la mtaani kwetu nimenunua dawa mara nyingi na sijapata kumkuta. Anayehudumu ni kijana mpole, mwepesi wa kuhudumia, lakini hajawahi kuniuliza mgonjwa ana umri gani wala ana uzito gani.

Tazama pia jinsi dawa inavyotolewa. Mteja mwenye fedha pungufu huomba nusu dozi ya amoksilini bila cheti cha daktari, na muuzaji huchukua mkasi, akakata karatasi ya vidonge, akavitia kwenye kibahasha kilichoandikwa 1×3 kwa kalamu. Tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo, ambazo kwa kawaida hupigwa kwenye ukingo mmoja tu wa karatasi ile, zimebaki dukani, kwa hiyo dawa ikimdhuru mgonjwa hakuna wa kuifuatilia ilikotoka. Dozi ya nusu nayo ndiyo inayolea usugu wa vimelea dhidi ya dawa ambao Wizara ya Afya imekuwa ikituonya kila mwaka.

Halafu kuna joto. Dawa nyingi zimeandikwa zisihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, na insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hapa Dar es Salaam, mwezi Februari, chini ya bati na umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, ni nani anayesoma kipimajoto? Dawa iliyoharibiwa na joto mara nyingi haibadiliki rangi wala harufu. Mgonjwa huimeza kwa imani, na asipopona hudhani ugonjwa umemshinda.

Najua wenye maduka watasema kwamba mshahara wa mfamasia ni mkubwa kuliko faida yao. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, uliweka ngazi ya watoa dawa waliopewa mafunzo maalumu. Anayeshindwa masharti ya famasi aombe ngazi hiyo, na auze dawa zinazoruhusiwa huko tu.

Nawaomba wahusika wakague bila taarifa, hasa jioni ambapo wateja ni wengi. Wamhoji yule anayetoa dawa saa hiyo, wafungue jokofu, wadai daftari la joto. Matokeo ya ukaguzi, pamoja na tarehe yake, yabandikwe mlangoni ili mteja ayasome kabla hajatoa fedha yake.

Mkazi wa Mbagala,
Dar es Salaam