Asante, fundi wa Grogan

Fundi wetu wa Grogan, mtaa wa gereji Nairobi, pokea shukrani kwa ile Toyota kuukuu iliyokuwa ikigonga kwenye matuta. Kabla ya kutaja shokamzoba, ulipitisha kiganja juu ya meno ya tairi la mbele, kutoka nje kwenda ndani, kisha kurudi. Kwenda, laini, kurudi, yanakwaruza kama msumeno. Hiyo ni dalili ya magurudumu yasiyoelekea sambamba. Upepo wa tairi haukuhusika: ukipungua hula kingo zote mbili, ukizidi hula katikati.

Ukapiga jeki, ukaweka stendi, ukatikisa gurudumu juu na chini: boli jointi, kiungo cha gurudumu, haichezi. Kushoto na kulia: tairodi, fimbo ya usukani, nayo haichezi. Ndipo ukatia mtaimbo kwenye mkono wa chini, chuma kinachoshikilia gurudumu kwenye gari, bushi ya nyuma, ule mpira wa kiungo chake, ikajionyesha, imechanika hadi nusu. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikigonga kwenye matuta na kuvuta gurudumu kila breki ikikanyagwa.

Tunalokushukuru zaidi ni hili: ulibadilisha bushi pande zote mbili, na bolti ukazikaza kabisa gari likiwa limekalia uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hujipinda gari likishushwa na huchanika mapema. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sambamba, ukaiacha mwisho. Mungu akubarikie kazi ya mikono yako.