Mtafiti wa meno, mbu na moyo: ni mtu mmoja kweli?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Wiki iliyopita mliandika habari za mwanasayansi aliyesifiwa kwa kuchapisha makala "karibu katika kila nyanja ya afya", na idadi ya mara alizonukuliwa mkaiweka kwenye kichwa cha habari. Simjui, wala sina ugomvi naye. Ila mimi ni mkutubi wa chuo cha afya, mwaka wa 22 huu, na nikiona hesabu ya namna hiyo mkono huniwasha.

Kuna mwaka mhadhiri wetu wa meno aliomba kupandishwa cheo, nikaambiwa nimtolee orodha ya machapisho yake. Nikaandika jina, ukurasa ukafunguka: meno ya watoto kuoza, magonjwa ya fizi, meno ya bandia, kisha ghafla viluwiluwi vya mbu na usugu wa mbu kwa viuatilifu. Nikampigia simu. "Mama, mimi mbu namjua akiniuma tu," akajibu huku akicheka. Kumbe alikuwa na somo wake nchi nyingine, na kompyuta imewashona wawili hao wakawa mtu mmoja, bingwa wa kila kitu.

Nilikaa siku mbili nikiwatenganisha, makala baada ya makala, nikiangalia chuo, barua pepe na waandishi wenza. Nilipomaliza, faharasa yake ya h ilikuwa imeshuka kutoka 17 hadi 9, na kicheko kikamwisha. Kipimo hicho alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na 9, una makala 9 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 9. Siku hizi ipo namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, ya kumtofautisha mtafiti na masomo wake, lakini wengi huichukua wakaisahau, kama kadi ya maktaba.

Sikatai kwamba wapo wanaovuka nyanja kwa haki. Mtaalamu wa takwimu leo huitwa na watu wa moyo, kesho na wa kisukari, keshokutwa na wakunga. Lakini ulizeni jina lake limekaa wapi. Katika tafiti za tiba, aliyetajwa mwanzo kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho ndiye kiongozi wa timu. Tafiti kubwa za kimataifa kuhusu mzigo wa magonjwa huwa na waandishi mamia, na kila mmoja huvuna nukuu zote, aliyelima na aliyepitia rasimu. Halafu mnanukuu idadi hiyo bila kutaja nyanja, ilhali mtu wa saratani na mtu wa uuguzi hawachezi uwanja mmoja. Kwenye saratani wanaoandika ni wengi mno, kwa hiyo wanaonukuu nao ni wengi.

Tena kompyuta haijui sifa na lawama. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet, iliyowatia watu hofu ya chanjo ya surua kwa kutegemea watoto 12 tu, iliondolewa na jarida hilo mwaka 2010. Imenukuliwa mara nyingi mno, na wengi wa walioinukuu walikuwa wakiikosoa. Nukuu zote hizo, za sifa na za lawama, huingia kwenye jumla. Upande wa pili yuko Tu Youyou, aliyeongoza utafiti uliotupa artemisinin, dawa iliyo ndani ya dawa mseto ya malaria. Ripoti ya kwanza ilichapishwa China mwaka 1977 bila jina la mwandishi hata mmoja. Angepitia kwenye kamati yetu mwaka ule, ningemtolea karatasi tupu. Nobel alipewa mwaka 2015.

Kwa hiyo, Mhariri, mwandishi wako akirudi kwa mwanasayansi huyo amwombe achague makala mbili tu, aeleze yeye mwenyewe alifanya nini humo na ni nani aliyebadilisha utendaji wake kwa sababu hiyo. Hapo nitasoma hadi mwisho.

Mhadhiri wetu alikuja kupandishwa, kwa 9 zake. Bwana wa mbu naye aliniandikia miezi michache baadaye, akilalamika kwamba kuna mtu amemnyofolea nukuu zake za meno.

Mkutubi, chuo cha afya
(Jina limehifadhiwa)