Msimfanye Mungu askari wa nyumba yenu: barua kwa wazazi wenye watoto wadogo

Wanangu wapendwa katika Bwana,

Amani iwe kwenu, ninyi mlioanza maisha ya ndoa juzijuzi tu na leo nyumba zenu zimejaa watoto.

Mmekuwa mkinijia mmoja mmoja baada ya ibada na swali ambalo, ingawa kila mtu analiuliza kivyake, ni lile lile: tuwaleeje hawa wadogo katika imani wakati jioni tumechoka hoi, mtoto hakai, na sala ya familia imegeuka ugomvi? Nimeona niwajibu wote kwa mpigo, tena kwa maandishi, maana pale mlangoni mwa kanisa hatuongei tukamaliza. Mzazi ananisikiliza kwa sikio moja, macho yapo kwa mtoto aliyekwishachomoka.

Kabla sijawajibu, nami nina swali langu. Nyumbani kwenu Mungu hutajwa lini? Sisemi mkiwa na wageni, wala wakati wa sikukuu. Nasema siku ya kazi, jioni, mtoto amemwaga maji juu ya daftari la dada yake, mama anaita, hakuna anayeitika. Nimekaa katika nyumba nyingi za waumini, na ninavyoona mimi, mtoto mdogo hulisikia jina la Mungu zaidi anapokosea. "Mungu anakuona!" "Yesu hapendi watoto wasiosikia." "Ukisema uongo utachomwa moto." Najua hamsemi kwa ubaya. Mmeongea mara tatu hamkusikilizwa, basi mnaazima sauti kubwa kuliko yenu.

Sasa jiwekeni mahali pa mtoto wa miaka minne. Ameambiwa yupo mkubwa mmoja, haonekani, halali, na kazi yake ni kumvizia akosee. Halafu usiku anapolia kwa kuogopa giza, mnamwambia, "Usiogope, Mungu yuko hapa na wewe chumbani." Mnadhani atalala?

Na hayo maneno ya Mungu kuona, someni Mwanzo 16. Yalitamkwa na Hagari, mjakazi mjamzito aliyetoroka mateso ya bibi yake, akiwa peke yake jangwani karibu na chemchemi. Alimwita Bwana aliyesema naye, "Wewe U Mungu uonaye mimi." Kwake yeye hiyo ilikuwa faraja: hakuna mwingine aliyemwona, Mungu kamwona. Basi mwambieni mtoto Mungu anamwona siku ile ameanguka na hakuna aliyekuwa karibu, au siku ile amemwachia mwenzake kitu alichokipenda wala hakuna aliyemsifu. Akosapo, mkanyeni ninyi wenyewe. "Mimi baba yako nimesema hapana" ni sentensi kamili, haihitaji kuongezewa jehanamu. Wala sisemi mwaache wafanye watakavyo; kuhani Eli alilaumiwa kwa sababu alijua uovu wa wanawe, "wala yeye hakuwazuia". Kuzuia ni kazi yenu. Ninachokataa ni kumkabidhi Mungu kiboko chenu.

Sala ya jioni sasa, maana hapo ndipo malalamiko yenu yalipo mengi.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 ndiyo tunayowasomea siku ya kubariki watoto, lakini tunaisoma haraka mno. Angalieni mpangilio wake. Kwanza, maneno haya "yatakuwa katika moyo wako", wewe mzazi. Ndipo inakuja kuwafundisha watoto, na nyakati zinatajwa: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Katika hizo zote, hakuna saa ya kuketisha watoto wachanga kwa nusu saa wasikilize mahubiri. Ni nyakati ambazo tayari mnazo. Mtoto anavishwa nguo, mnashukuru kwa asubuhi. Mnapita penye msiba, mnawaombea waliofiwa mkiwa mnatembea. Anafunikwa shuka, mnamwombea kwa jina.

Kwa hiyo ibada ya nyumbani ifupisheni. Dakika tano zinatosha kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka sita: wimbo mmoja anaoujua, mistari miwili mitatu au kisa mlichokisimulia kwa maneno yenu, kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru, Baba Yetu, amina, basi. Fupi ya kila siku itawafikisha mbali kuliko ndefu ya mara moja kwa mwezi ambayo huishia kwa vilio. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, alipozungukia sharika za Saksonia akakuta watu hawajui hata misingi, mwaka 1529 alitoa Katekisimu Ndogo, kijitabu cha mafundisho ya msingi ya imani, na sehemu zake kuu aliziandika kwa namna ambayo mkuu wa nyumba anaweza kuwafundisha watu wake kwa urahisi. Humo mna sala ya asubuhi na ya jioni, zote fupi. Ninachokipenda zaidi ni agizo linalofuata ile ya jioni: ukimaliza, nenda kalale mara moja, kwa furaha. Mwanateolojia mzima anawaambia watu waende kulala! Sijui sisi tulijifunza wapi kwamba sala nzuri ni ile inayomkuta mtoto ameshasinzia kwenye goti.

Na mkianza, msitegemee utulivu. Siku moja nilikuwa sebuleni kwa wenzenu fulani wakati wa sala. Mtoto wao wa miaka mitatu alikuwa na kiatu kimoja mguuni, cha pili kaking'ata, anazunguka nyuma ya viti. Mama hakumfokea, alinyoosha mkono tu, na kila mtoto alipopita aliugusa kisha akaendelea na safari yake. Baba akawa anaendelea kusoma. Nikasema moyoni, huyu hajasikia chochote. Ilipofika zamu ya kushukuru akatoa kiatu mdomoni, akasema, "Asante Mungu kwa kiatu," akarudi kuzunguka. Ile "amina" ya mwisho aliitikia yeye kwa sauti ya kututetemesha sote. Wazazi wake hawakucheka, wala hawakumsahihisha. Walisema amina kama walivyoisema kwa sala ya mtu mwingine yeyote. Nawaombeni sana muwe hivyo. Mtoto akichekwa kwa sala yake, ataanza kuomba kwa ajili ya masikio yenu.

Maswali nayo yanawatisha bila sababu. Nani alimuumba Mungu? Babu aliyekufa anakula nini huko? Kwa nini tuliomba na bado alikufa? Katika Kutoka 12 Musa anaagiza Pasaka, na ndani ya agizo lenyewe tayari ameweka swali la watoto: "Utumishi huu maana yake ni nini kwenu?" Yoshua naye, baada ya kuvuka Yordani, alisimamisha mawe kumi na mawili makusudi ili siku moja watoto waulize. Yaani kuuliza kulitarajiwa, kukaandaliwa. Kwa hiyo mtoto akiuliza katikati ya sala, iacheni sala isubiri. Na usipojua, sema hujui, kisha mtafute pamoja. Lile la mwisho hasa, la kuomba na mtu akafa, msilizibe kwa jibu la haraka. Lieni naye kwanza. Yesu mwenyewe alilia alipokuwa akienda kaburini kwa Lazaro, naye alijua atakachofanya dakika chache baadaye.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa nasi tunalihitaji. Mume na mke hugombana mbele za watoto, lakini hupatana chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Asubuhi ninyi mnacheka, yameisha. Mtoto hajui yameishaje. Aliona vita, hakuona amani ikifanywa. Mwaka baada ya mwaka anafundishwa Jumapili kwamba Mungu anasamehe, ila hajapata kumwona mtu mzima akimwambia mtu mzima mwenzake, "Nilikosea, nisamehe," na huyo wa pili akijibu, "Nimekusamehe." Basi, ugomvi ukitokea mbele yao, na upatanisho ufanyike mbele yao. Si lazima mrudie kesi nzima. Maneno mawili yanatosha. Na mzazi akimpigia mtoto kelele kwa kosa ambalo hakulifanya, amwombe radhi huyo mtoto, kwa kumtazama, bila kuongeza "lakini na wewe". Paulo aliwaandikia Waefeso akina baba wasiwachokoze watoto wao. Akina baba wengi wanaikumbuka mistari inayotangulia, ile ya watoto kutii, na wanaishia hapo.

Shule ya Jumapili ni msaada mzuri, wapelekeni. Ila mwalimu anakaa naye saa moja kwa wiki, hesabu nyingine mnaijua. Simu ziwekeni mbali wakati wa zile dakika tano. Hilo halihitaji maelezo.

Wenye watoto wengi mnaniambia hakuna nafasi ya mtoto mmoja mmoja. Susanna Wesley, mke wa mchungaji huko Epworth, Uingereza, alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wachanga. Kwa waliobaki aliweka utaratibu: kila mtoto na jioni yake ya kuzungumza na mama peke yake. John, aliyekuja kuanzisha vuguvugu la Wamethodisti, jioni yake ilikuwa Alhamisi, na alipokuwa mtu mzima bado alimwandikia mama yake akiikumbuka. Msichukue ratiba yake mkaanza kujihukumu. Robo saa kwa wiki ni mwanzo. Msiulize, "Umesali?" Ulizeni anaogopa nini siku hizi, kisha mliombee hilo hilo mlilosikia.

Namkumbuka pia kila mmoja wenu anayefanya haya peke yake, mwenzake haamini au ameacha kuja. Timotheo alikulia katika nyumba ya namna hiyo. Matendo 16 inasema mama yake alikuwa mwamini na baba yake Myunani, na Paulo, akitafuta imani ya kijana huyo ilitoka wapi, anawataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Kwa hiyo inawezekana. Lakini angalizo: usimfanye mtoto mjumbe wako. "Mwambie baba yako Yesu anamtaka aje kanisani" ni mzigo wa mtu mzima juu ya bega la mtoto, na baba atajua umetoka wapi. Msemeni vema huyo asiyesali. Mtoto asilazimike kuchagua kati ya baba yake na Mungu akiwa bado hajajua kufunga vifungo vya shati.

La mwisho linatuhusu sisi wazee kuliko ninyi. Wengi wenu mmehamia viti vya nyuma, karibu na mlango, kwa sababu mtoto akilia watu wanageuza shingo. Wanafunzi wa Yesu nao waliwakemea walioleta watoto kwake, na Marko anaandika kwamba Yesu alipoona "alichukizwa sana". Jumapili hii njooni mkae mbele, mtoto aone mkate na kikombe, aone maji ya ubatizo, amwone mchungaji usoni badala ya migongo ya watu. Akilia, mtoeni kidogo, mrudi naye. Wanaogeuza shingo niachieni mimi, wengi wao ni rika langu na tunasemezana.

Ni mimi, mzee wenu katika Kristo.