Aksanti kwa papa wa chukudu

Papa, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma. Mimi ni yule mwanafunzi mwenye kamera ya kuazima, asubuhi ile kwenye barabara inayoteremka kutoka Kibumba kuingia Goma. Mwalimu alitaka picha ya mwendo: mtu aonekane wazi, nyuma yake kuvutike kama mistari. Niliweka kasi ya sehemu 1 ya 30 ya sekunde, nikafuatisha kamera ulipopita na chukudu yako, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Ikatoka ukungu mtupu.

Uliniona nimeinamisha kichwa, ukasimama. Ukashusha magunia ya kabichi kwenye mawe meusi ya volkano, ukasukuma chukudu kupanda tena, ukateremka. Mara nne! Mtu anayekimbilia soko kabla jua halijawa kali. Ya nne ndiyo iliyokubali: uso wako umetulia, goti juu ya ubao, migomba yote imekuwa mistari ya kijani.

Ulikataa hela ya sukari, ukasema tu mama watoto angefurahi kuiona. Nimeisafisha kwenye karatasi, Papa. Kila Jumamosi asubuhi niko palepale nayo.