Wakalisheni Kwanza: Barua kwa Walimu wa Klabu za Mazingira, Pwani ya Kenya

Walimu wangu vijana,

Salaam. Nasikia wengi wenu mmeanza kuwapeleka wanafunzi mikokoni, Gazi, Tudor na Mida, wakapige picha. Nimefurahi mno. Nina ombi moja tu, la mzee aliyefundisha watoto wa Pwani hadi akastaafu: msiwape simu wakifika tu. Wakalisheni kwanza.

Mtoto akiingia topeni kwa vishindo haoni ila matundu, maana kaa wameshamsikia na wote wamezama. Mwambieni achutame pahali pamoja, asiongee, asitikisike. Haipiti muda utaona gando linachungulia, kisha macho juu ya vijiti vyake, kisha kaa mzima. Kuna aina ambayo dume ana gando moja kubwa analolipunga kumwita jike, na lile dogo linachota tope kupeleka mdomoni. Hapo mkono wa mtoto huacha kutetemeka na pumzi zake hushuka bila kuambiwa. Wapo wanaofundisha utulivu kwa mazoezi ya pumzi darasani, nami siwapingi. Lakini mtoto ukimwambia "tulia" bila kumpa cha kutazama, kwake hiyo ni adhabu.

Simu ya mwalimu moja inatosha kikundi kizima. Kila mmoja apige picha moja tu, na kabla ya kupiga aeleze anachokiona. Anayengoja zamu hana la kufanya ila kutazama, na huko kutazama ndiko tunakokutaka. Msifanye mashindano ya picha nzuri, tafadhali. Zawadi itamwendea mwenye simu ya bei.

Waelekezeni kwenye vitu vidogo. Jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, lina chembe za chumvi. Walitazame kwa karibu, walilambe, waulize chumvi ile imefikaje pale. Mbegu ya mkoko huchipua ingali inaning'inia juu ya mti, kisha hudondoka ikiwa mche tayari. Msikimbilie kuwajibu. Na mkiweza, mchukueni mvuvi mmoja mzee mwende naye. Pwani yetu ina aina tisa za mikoko, na yeye atawaonyesha mkandaa, muia na mlilana kwa kuugusa tu mti.

Sasa jambo linaloniuma. Watoto wamezoea picha za kupendeza, basi husogeza simu ili chupa za plastiki na visiki visionekane. Wakatazeni. Kisiki kilichokatwa jana ni sehemu ya msitu ule, nacho kipigwe picha.

Tena chagueni pahali pamoja mpige picha pale pale kila muhula. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hori ya Mwache, Mombasa, ukafukia mizizi ambayo mikoko huvutia hewa, miti mingi ikafa. Mizizi ikianza kumezwa na tope, picha za mihula mitatu zikiwekwa sambamba zitawaonyesha watoto wenyewe, mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Mkiwa Gazi, msiishie mikokoni. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na fedha zake zimesaidia maji ya kijiji na mahitaji ya shule. Basi wapige picha ya mkoko, wapige na ya bomba la maji, kisha mkirudi darasani waulizeni picha hizo mbili zina undugu gani.

Kabla hamjapanga siku, tazameni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hupwa sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na hiyo ndiyo nafasi yenu. Watoto wavae viatu vilivyofungwa, wasikanyage miche, na maji yakianza kurudi wote wawe wameshapanda nchi kavu.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Kwale