Barua kwa mwanangu kuhusu kung'atuka

Mwanangu mpendwa,

Nyumbani sote hatujambo, na barua yako tumeisoma kwa furaha. Umetaka nikueleze kwa nini nilipinga ulipoandika kwamba waziri ambaye uteuzi wake umetenguliwa "ameng'atuka".

Neno hilo usilitafute katika kung'ata, ingawa sauti zinafanana. Limetoka katika Kizanaki, lugha ya Butiama na vijiji vya jirani mkoani Mara, nalo linahusu mila ya rika: wazee waliokuwa wakiongoza, muda wao ulipotimia, waliwakabidhi madaraka wa rika lililofuata, hali wangali hai na wenye akili timamu, kisha wakabaki kuwa washauri. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, ndiye aliyeliingiza katika Kiswahili alipoacha urais mwaka 1985.

Maneno tuliyokuwa nayo hayakutosha. Kustaafu twakujua kwa mtumishi aliyefikisha umri. Kujiuzulu, ambako shina lake la Kiarabu lina maana ya kumwondoa mtu katika cheo, ni kujivua mwenyewe, na mara nyingi huja baada ya kashfa au kutoelewana na wenzako. Kuachia ngazi, kunakopendwa sana na magazeti, hakusemi ni nani anayepanda baada yako. Kung'atuka kunadai mpokeaji, na kunadai kwamba anayetoa bado alikuwa na nguvu za kuendelea kushika.

Ndiyo maana sipendi kuita kung'atuka kile kilichotokea tarehe 22 Januari 1962, wiki 6 tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu alipoacha uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa ili yeye akakijenge chama chake cha TANU. Kule kulikuwa kujiuzulu, tena kwa heshima, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerudi akiwa rais. Mwaka 1985 mambo yalikuwa tofauti. Katiba ilikuwa imekwisha kurekebishwa mwaka 1984 ili rais asizidi vipindi viwili vya miaka 5; tarehe 5 Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akaapishwa, na Mwalimu akarudi Butiama kulima.

Hata hivyo alibaki mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, na jambo hili tusilipite haraka, maana enzi zile chama ndicho kilichoshika hatamu, na rais alikuwa akitekeleza sera za chama. Kwa maoni yangu kung'atuka kwake kulianza 1985 na kukakamilika 1990, alipomkabidhi Mwinyi na kiti hicho pia. Wapo wanaoona vingine, nami nawaheshimu, lakini nikipima kwa mila ya Wazanaki siwezi kusema mzee amekabidhi ikiwa nusu ya madaraka bado anayo mkononi.

Siku hizi nasikia umati, kwetu na hata Kenya, ukipaza sauti kwamba fulani "ang'atuke". Madai yao huenda ni ya haki kabisa, na mwenye kosa aondoke. Lakini anayeondoka kwa kushinikizwa amejiuzulu, au ameondolewa. Tukiliita hilo nalo kung'atuka, tutakosa jina la kumwita kiongozi ambaye hakusukumwa na mtu, akamtayarisha mwenzake, akampa kiti.

Wako akupendaye,
Baba