Tuwaulize wanaotuchangisha kwa ajili ya wenye njaa

Ndugu Mhariri,

Juzi, katika soko la Mwanga hapa Kigoma, kijana alipita na boksi lenye picha ya mtoto aliyekondeshwa na njaa, na mama muuza dagaa akafungua pindo la kanga yake akatumbukiza noti ya shilingi 2,000. Nilipomwomba kijana stakabadhi hakuwa nayo, na nilipouliza namba ya usajili alikwishahamia meza nyingine. Niliumia sana.

Sisi majirani wa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996, tunajua maana ya mgao kupunguzwa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huendeshwa kwa michango ya hiari, hivyo wafadhili wakilegea, ni sufuria ya mkimbizi inayopungukiwa unga. Kwa hiyo sisemi tuache kutoa. Ila Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika kuandaa taarifa ya kazi zake kila mwaka, na mchangishaji mwaminifu hatachukia kuulizwa taarifa hiyo, wala kutakiwa kupokea mchango kupitia akaunti yenye jina la shirika badala ya simu yake binafsi. Nami naona fedha ni bora kuliko marobota ya nguo kuukuu, kwani hununua mahindi na maharage karibu na wenye shida.

Nawaomba maafisa maendeleo ya jamii wabandike sokoni orodha ya mashirika yaliyosajiliwa, kwa maandishi makubwa, ili hata yule mama aisome kabla hajafungua pindo lake.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma